Tai wa Zinki Aanguka Mtihani Mbunya

Sogeeni, enyi watu wa Mbunya! Wewe unayetoka bombani, tua ndoo. Wewe mwenye pikipiki, zima moto, abiria wako atasubiri. Na wewe mama unayechambua majani ya sombe, chambua tu, lakini sikio nipe mimi. Nataka kuwasimulia vita kuu iliyopiganwa uani kwa Katsuva, Jumapili moja baada ya misa, mbele ya macho yangu mawili na kikombe changu cha chai. Vita ambayo haikumwaga damu ya mtu yeyote, ingawa chai ilimwagika, na ambayo wajukuu wetu watakuja kuiulizia siku watakapojifunza kuuliza mambo ya maana.

Enyi wasimulizi mliotangulia, mlioweza kuieleza safari ya siku mbili kwa wiki nzima bila kukohoa, niazimeni pumzi. Na wewe Emérance, mke wa shujaa, niongezee sukari, kwa maana habari ni ndefu na kikombe chako ni kidogo, kama nilivyokwisha kukuambia mara nyingi.

Shujaa wetu ndiye Katsuva, Baba Fiston, muuza spea za baiskeli, mfungua nati zilizowashinda wenzake, mwenye grisi kucha zote kumi hata siku ya ubatizo wa wanawe. Sokoni wanamjua kwa minyororo na pedali. Sisi majirani tunaujua utajiri wake wa kweli, nao ni sanduku la bati, la kijani, lenye kufuli mbili, na ndani yake vitabu vya picha alivyovikusanya tangu utoto wake Butembo: vitabu vya mashujaa wanaoruka bila ndege, waliofunga mapazia shingoni, wanaonyanyua lori kwa mkono mmoja na kutoa hotuba ndefu ya Kifaransa wakati wanapigwa ngumi za mdomo.

Basi sanduku hilo lilikuwa na pacha wake, na hapo ndipo palipozaliwa ugomvi. Yalinunuliwa siku moja, rangi moja, yakakaa chini ya kitanda kimoja. La kwanza lilikuwa na mashujaa. La pili lilikuwa na vitenge vya Emérance, vyote vya harusi na vyote vya biashara, pamoja na masufuria yale mazito aliyopewa na mama yake. Vita ilipoingia mji wetu wa Bunia na watu wote wakashika njia ya Beni, Katsuva aliingia chumbani risasi zikilia, akavuta sanduku, akalitwika kichwani, akatoka. Alilibeba msitu mzima. Watu walitaka kumpokea, akakataa. Emérance, akitembea nyuma na mtoto mgongoni, alimtazama mumewe kwa mapenzi ambayo hakuwa nayo hata siku ya mahari, akajiambia kwamba ameolewa na mwanamume.

Wakafika Beni. Mtoto alikuwa na baridi. Emérance akafungua sanduku atoe kitenge, akakutana uso kwa uso na bwana wa rangi ya bluu anayepiga treni ngumi.

Waliporudi Bunia, sanduku la pili halikuwapo, wala mlango wa nyumba haukuwapo. Emérance hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Kila maharage yalipoungua alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba sufuria nzito haiunguzi. Na Katsuva alikula maharage yale yaliyoungua mpaka chini, hakubakiza hata moja, maana alijua anachokula.

Miaka ikapita. Sasa bunduki zimenyamaza, ingawa hakuna aliyetuambia zimenyamaza mpaka lini, na bado wako watu wengi hapa wanaolala na viatu karibu na kitanda. Emérance alianza tena kuuza vitenge, kimoja kimoja, na panya wakaanza tena kuvila. Ndipo Jumatatu moja aliposimama mlangoni, mikono kiunoni, akatoa tangazo la vita.

«Baba Fiston! Nilinyamaza kule Beni. Nilinyamaza njiani ya kurudia. Nilinyamaza hapa. Leo sinyamaze tena! Bapanya banamaliza bitenge yangu, na bale babwana yako ba kuruka banalala mu sanduku sawa bamonsenyere ba kanisa! Ile sanduku natwaa. Bale banafaa, babakie mu karto moja ya sabuni juu ya kabati. Bale habafai, baende kwa Mama Dorcas, afungie nabo karanga!»

Dorcas ndiye yule mama anayeuza karanga za kukaanga karibu na lango la kanisa. Yeye hufungia karatasi yoyote inayopita mbele yake, ya kalenda au ya daftari. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza karanga nikabaki nimeshika mtihani wa jiografia wa mtoto wangu, na hakuwa amefanya vizuri.

Katsuva aliweka chini spana. Alisimama, akaweka mkono wenye grisi juu ya shati jeupe, kosa ambalo lilijadiliwa baadaye, akajibu:

«Mama Fiston, sikatae. Kosa ya Beni iko yangu, na nitazeeka nayo. Lakini mashujaa habahukumiwe sawa makabichi, kwa kubinyabinya tu! Nitabasoma bote tena, tangu page ya kwanza mpaka ya mwisho. Kila mumoja atapata points yake. Mwenye kukosa cinquante, hamsini kwa mia, aende kwa karanga. Na Dimanche, kisha misa, hapa hapa, mbele ya bantu, tutafanya proclamation!»

Kwa asiyesoma kwetu nieleze: proclamation ni ile siku ya mwisho wa mwaka wa shule, wazazi wakiwa wamekaa uani na nguo za kanisani, mkurugenzi anapotangaza majina na asilimia ya kila mtoto kwa sauti, kuanzia wa kwanza kushuka chini, mpaka anapofika kwa wale walioanguka, wazazi wao wakiwa pale pale kwenye viti. Nimeona wanaume waliopita vizuizi vyote vya wakati wa vita bila kutoka jasho, wakitetemeka siku hiyo kwa sababu ya hesabu za darasa la nne.

Kuwa rais wa jury, yaani mkuu wa watoa maksi, akaitwa Hubert, jirani yetu, mwalimu aliyetoka Djugu na familia yake baada ya nyumba yao kuchomwa, na ambaye hadi leo anapanga vyumba viwili nyuma ya Katsuva. Hubert hajawahi kumwongezea mtoto hata nusu pointi. Alikubali kwa sharti moja: maksi zitolewe kama kwa watoto wa watu, bila kupendelea. Katsuva akaapa mbele yetu sote, mkono juu.

Wiki ile yote alisoma. Alisoma dukani, mteja akiomba mnyororo anainuliwa kiganja, angoje Kamanda Parapanda amalize kuvuka bahari. Alisoma akila. Alisoma akinyolewa, na matokeo yake tuliyaona kichwani mwake. Na nilimwona, mimi niliyekaa ng'ambo ya ua, akitikisa kichwa taratibu, kwa sababu mashujaa aliowaabudu akiwa na miaka kumi na tano walikuwa wamebaki vile vile, yeye ndiye aliyekuwa amepita mahali pengi.

Jumapili ikafika. Viti vikapangwa, mimi nikapewa kile chenye mguu mfupi, kama kawaida. Hubert alivaa tai ya shingoni. Dorcas alikuja na beseni lake tupu, akakaa mbele. Emérance aliketi juu ya kinu, sanduku wazi miguuni pake, na vitenge vyake vimekunjwa kwenye mapaja vikingoja kuingia nyumbani.

Akasimamishwa kwanza Kamanda Parapanda, mwenye sauti ya kubomoa kuta. Katsuva alimtetea vizuri: nguvu zake, ujasiri wake, rangi za jalada. Hubert akasikiliza, akavua miwani.

«Huyu bwana,» akasema, «ju ya kushika mwizi mumoja, amevunja daraja mbili, kanisa, na manyumba yote ya quartier muzima. Kisha akaruka, akaenda kwake. Ninauliza jury: bantu ba ile quartier balilala wapi?»

Hubert hakuwa anatania, na sote tulijua anakotoka.

«Conduite, tabia: zéro,» akasema. «Kwa jumla, quarante-deux. Ameanguka.»

Kamanda akaingia beseni la karanga na arobaini na mbili yake na sauti yake yote. Baada yake Bibi Sumaku alipata themanini na nne, kwa sababu, kama alivyoeleza Emérance akisimama bila kuitwa, baada ya kuvuta vyuma vyote vya mji kumkamata jambazi alizunguka nyumba kwa nyumba akirudisha masufuria kwa wenyewe. «Huyu anajua maisha!» akasema, akimtupia mumewe jicho. Ndugu Wawili wa Mvuke walipita kwa taabu, hamsini na mbili, Hubert akiagiza wapunguze maneno. Wengine wakaanguka, wengine wakapita, beseni likajaa, karto ikajaa, na jua likaanza kuegemea upande wa magharibi.

Akabaki mmoja.

Sasa tulieni, maana nataja jina kubwa. Tai wa Zinki! Hakuna mtoto wa avenue yetu asiyemjua, ingawa hakuna aliyemwona, kwa sababu kitabu chake kilikuwa kimefungwa katika plastiki, na plastiki katika kitambaa, na Katsuva hakuwa amekifungua tangu utotoni, hata wiki ile, asije akakichana. Hakuwa na haja. Alikijua kwa moyo. Kabla hajajua herufi hata moja, dada yake mkubwa Mbambu alikuwa akimsomea kila jioni, na Katsuva mwenyewe ametuhadithia sote, mkesha wa Noeli na siku za msiba: Tai wa Zinki, mwenye mabawa ya mabati, ambaye mama yake alichukuliwa na jitu la mikono sita, likampeleka nyuma ya milima, naye akaruka mvua na jua, akigonga kila mlango akiuliza, akila maharage makavu tu, mpaka page ya mwisho alipomwona mama yake amesimama, akamkumbatia. Wiki nzima Katsuva alikuwa ametutangazia kwamba huyu atapata mia, na kama mia ikiongezwa, ataichukua.

Alifungua kitambaa. Alifungua plastiki. Kwa sababu ya heshima alitaka kutusomea kwa sauti, yale maneno yenyewe ya Kifaransa, akitafsiri. Akakohoa, akaanza.

«Tai wa Zinki anasema: “Madame, kazi hii iko na bei yake. Mukufu wako wa dhahabu nitaurudisha mbele ya chakula ya mangaribi.”»

Akageuza karatasi. Akairudisha, akaiangalia tena.

«Endelea,» akasema Hubert.

Aliendelea, na sauti ikawa inapungua. Jitu la mikono sita halikuwa jitu. Lilikuwa wezi watatu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, tena wamechorwa vibaya. Milima ilikuwa milima kweli, lakini Tai aliivuka kwa sababu wezi walikimbilia hotelini huko. Katika kila mlango aliogonga aliulizia mkufu. Na page ya mwisho, yule mwanamke aliyekumbatiwa, alikuwa ni madame mwenye mkufu, anampa saa ya dhahabu, na Tai wa Zinki anajibu kwamba wateja wake watamkuta tayari siku zote.

Katsuva alirudi nyuma, page kwa page, kidole kikifuata mistari. Mtu mzima, baba wa watoto, muuza spea.

«Mama iko wapi?» akauliza. Hakumuuliza yeyote kati yetu.

Nikiri kwamba niliumia. Tulimcheka Katsuva miaka mingi kwa mambo mengi, na siku ile hakuna aliyecheka. Hata Emérance aliangalia vitenge vyake.

Hubert alivaa miwani yake polepole. «Baba Fiston,» akasema kwa upole, «uliapa.»

Na hapa, wasikilizaji, ndipo mjue nani alikuwa shujaa. Angeweza kudanganya! Nani kati yetu angekwenda kusoma Kifaransa kile? Lakini Katsuva alijinyoosha, akasema mwenyewe, kwa mdomo wake: «Trente et un.» Thelathini na moja kwa mia. Akatembea mpaka kwenye beseni, akamlaza Tai wa Zinki juu ya Kamanda Parapanda, kwa mikono miwili.

Wakati huo huo pikipiki ikanguruma langoni, na kutoka katikati ya vumbi akashuka Mbambu, dada mkubwa, Mbambu wa njia ya Iga Barrière, muuza mihogo, mwenye mguu mmoja wa kiatu na mwingine wa matope, gunia begani. Alikuja kusalimia tu, kama Jumapili nyingine. Akatua gunia, akaona beseni, akapiga kelele ya furaha.

«Kumbe ile kitabu ingali! Tai wangu wa Zinki!»

«Yaya,» akasema Katsuva, maana ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, «mama iko page gani?»

Mbambu alimtazama mdogo wake, kisha beseni, kisha sisi wote tuliovaa nguo za kanisani, akaelewa. Hakuomba radhi. Alikaa juu ya gunia lake la mihogo, akafuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

«Katsuva, nilikuwa troisième primaire, darasa ya tatu. Kifaransa yangu yote ilikuwa bonjour na présent. Nisome nini, miye? Mama alikuwa ameenda Kisangani na maharage, siku zikapita, barabara ikakatika na mvua, hakuna mwenye kujua atarudia lini. Weye ulikuwa unalia kila mangaribi, unakataa kula, unaniuliza mama iko wapi, mama iko wapi. Baba aliniachia hii kitabu ya bapadri akasema: mutulize. Nikaangalia picha. Nikaona mutu anagonga milango, anagonga milango, na ku mwisho kuko mwanamuke. Nikasema, basi, hii njo hadisi ya kwetu.»

Nilisikia matone ya chai yangu yakianguka chini, maana nilikuwa nimeinamisha kikombe bila kujua.

«Na mama alirudia,» akasema Katsuva.

«Alirudia. Na ulikuwa unakula zile siku zote. Kama ningekusomea mukufu, ungekula?»

Mama yao aliishi akazeeka, naye sasa amelala Butembo. Katsuva alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na shati lake jeupe.

Ndipo Emérance, adui mkuu, mwenye shtaka, mwenye panya, aliponyoosha mkono akaokota kitabu kwenye beseni, akampa wifi yake. «Soma,» akasema.

«Rais!» nikapiga kelele mimi, na huo ndio mchango wangu katika historia. «Hakuna repêchage?»

Hubert alifikiri. Nafasi ya pili kwa aliyeanguka iko ndani ya sheria, akasema, isomwe.

Mbambu akasoma. Hakuangalia herufi hata moja. Aliweka kidole juu ya picha, kama zamani, na Tai wa Zinki akafunga mabawa yake ya mabati kwa waya, akavuka mvua, akagonga mlango wa kwanza. Aliuliza wapishi. Aliuliza wenye hoteli. Jitu la mikono sita likatokea, na Dorcas akashika beseni lake kwa mikono yote miwili. Hubert alikuwa amevua tai na kuifunga mkononi. Dada alipofika karatasi ya mwisho akavuta pumzi.

«Alafu?» akauliza Emérance. «Alimupata?»

«Alimupata. Mama amesimama pale, anaangalia ile bati yote, ile vumbi yote. Kisha mama akamuuliza: “Ulikula?”»

Katsuva alisema maneno hayo pamoja naye, midomo tu, bila sauti.

Hubert alisimama. Alijitahidi sana kuwa rais. «Kitabu inabakia trente et un,» akatangaza. «Sheria iko sheria, siwezi kuongeza. Lakini mwenye kusoma: quatre-vingt-neuf, distinction!» Themanini na tisa! Tukapiga makofi, Mbambu akasimama akainama kama mtoto wa darasa la tatu. «Ila,» akaendelea Hubert, na makofi yakafa, «mwenye kuanguka anaenda kwa Mama Dorcas. Tulisema hivyo.»

Macho yote yakamgeukia Dorcas. Yeye alikichukua kitabu, akakipima karatasi kwa vidole kama anavyopima zote, akaangalia picha ya mwisho. Kisha akampa Emérance.

«Nimefungia karanga na mitihani,» akasema, «na kalenda, na hata barua ya mapenzi ya mutu mwenye iko hapa, sitamutaja. Lakini na mama ya mutu, hapana. Siwezi.»

Akajitwika beseni lake na Kamanda wake, akaenda zake langoni kwa kanisa.

Emérance alifuta jalada kwa kiganja. Akakilaza kile kitabu chini kabisa ya sanduku tupu. Juu yake akapanga vitenge, kimoja kimoja, vya bluu, vya njano, vile panya walivyoanza na vile ambavyo hawakuwahi, mpaka vikafika ukingoni. Akashusha kifuniko, akafunga kufuli ya kwanza, akafunga ya pili. Katsuva alikuwa bado chini. Emérance akamrushia ufunguo mmoja, wa pili akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

«Sasa sanduku iko moja tu,» akamwambia. «Siku ingine tukikimbia, Mungu akatae, hata ushike mu giza, hutakosea.»

Yakumbukwe hayo, enyi watu wa Mbunya! Miji imezingirwa na kukombolewa, wafalme wamevikwa taji, na kumbukumbu zao zina vumbi. Lakini sisi tulikuwapo siku Tai wa Zinki, aliyeanguka kwa thelathini na moja, alipoingia chini ya vitenge vya Emérance akabaki. Jioni ile maharage yaliungua tena. Emérance hakusema lolote kuhusu sufuria, ila alipompakulia Katsuva alimuuliza: «Ulikula?»